Nukta nundu au simu inayosoma? Katika ubishi huu mama amesahaulika

Kila elimu ya watoto wasioona inapojadiliwa siku hizi, hazipiti dakika kumi bila mtu kusema kwamba mabuku ya nukta nundu, yaani breli, maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole, yamepitwa na wakati, fedha zake zinunuliwe simu. Simu inasoma kwa sauti. Programu ya NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, inamsomea mtu kompyuta nzima bila kulipiwa hata senti, na sauti ya Kiswahili imo. Kuna lipi la kuendelea kutoboa karatasi?

Hoja hii ina nia njema, na sehemu kubwa yake ni kweli. Ukurasa wa kawaida wa breli una mistari 25 ya vyumba 40, kila chumba nafasi ya herufi moja, yaani nafasi 1,000, na hapo umeshahesabu hata uwazi kati ya neno na neno. Ukurasa wa wino hubeba mara mbili ya hapo au zaidi. Ufupisho wa breli, ambapo alama moja husimama badala ya herufi kadhaa, hupunguza kidogo, lakini kitabu cha kiada bado hutoka kwa majuzuu ya karatasi nene ambayo mtoto wa darasa la tatu hawezi kuyabeba. Mtaala ukibadilika, kama ulivyoanza kubadilika Tanzania Januari 2024, kazi yote inaanza upya. Mashine ya Perkins, ya kuandikia breli, ina uzito wa karibu kilo tano, na bei yake inanunua simu janja kadhaa. Na mtu aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa na miaka 55, vidole vimekwisha kukomaa kwa jembe, sauti ndiyo mkombozi wake. Asilazimishwe kingine.

Halafu huletwa takwimu. Mwaka 2009 shirikisho la wasioona la Marekani lilitoa ripoti iliyosema kwamba wasioona wanaosoma breli nchini humo hawafiki asilimia 10. Watu wameishika namba hiyo kama cheti cha kifo: ikiwa Marekani wameiacha, sisi tunang'ang'ania nini?

Mimi namba hiyo nimeizunguka mara nyingi, na kila nikiizunguka naona inasema kinyume cha inavyosemeshwa. Kwanza, katika wasioona wa Marekani wamo wazee wengi walioingiwa na giza uzeeni, na wamo wenye uoni hafifu wanaosoma maandishi makubwa. Ni kama kuhesabu wajuao kusuka mikeka mjini, ukawatia na wageni walioshuka jana, kisha ukatangaza kwamba ususi umekufa. Pili, ripoti yenyewe iliandikwa kama kilio. Inaeleza kuwa katikati ya karne iliyopita karibu nusu ya watoto wasioona wa shule walikuwa wakijifunza breli. Wajukuu wao walipelekwa katika shule za kawaida ambako mwalimu mwenyewe haijui breli, wakapewa kanda na mashine za kusoma. Mtoto hakuikataa breli. Hakufundishwa. Ukimnyima mtu chakula, usitumie njaa yake kuthibitisha kwamba hakipendi.

Na kwetu madhara yangekuwa mabaya zaidi, kwa sababu ambayo sijaisikia ikitajwa vya kutosha. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Mtoto aliyesoma kwa masikio tu atachanganya r na l, dh na z, lakini atasomeka, na miaka yote ya msingi tutadhani mambo ni mazuri. Kisha anaingia kidato cha kwanza Tanzania, masomo yanageuka Kiingereza, na anakutana na maneno kama “know” na “no”, “write” na “right”. Sikioni ni mamoja. Mtoto ambaye hajawahi kugusa herufi za neno atajuaje kwamba kuna k iliyonyamaza mbele? Hesabu nazo vivyo hivyo. Simu ikimsomea “x jumlisha 3 gawanya kwa 2”, hajui kama 2 inagawa yote au inagawa 3 peke yake. Kidole kingerudi nyuma kikapapasa, kikajua. Sauti imeshapita. Sijamtaja bado mtoto asiyeona ambaye pia ni kiziwi: huyo simu itamsomea nini?

Kisheria njia imefunguka kidogo. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2020, unaruhusu taasisi zinazotambuliwa kugeuza vitabu viwe vya breli au vya sauti bila kungoja idhini ya mwenye hakimiliki, na kupelekeana kuvuka mipaka. Lakini mkataba hutoa ruhusa, hautoi karatasi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba pande zote mbili huzungumzia mtoto na shule, basi. Shule zetu nyingi za wasioona ni za bweni, tangu Thika ilipoanza Kenya mwaka 1946 na Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Mtoto anarudi likizo na furushi la karatasi zenye vinundu. Mama anazipapasa, anaziweka juu ya kabati zisipondeke. Hajui kama ni insha au ni hesabu, wala kama mwanawe amepata au amekosa. Mtoto naye anajifunza somo ambalo hakuna aliyemfundisha: kwamba nyumbani maandishi yake hayana msomaji. Mwalimu wa kawaida aliyempokea mtoto huyo katika shule jumuishi yuko palepale alipo mama.

Na hapa ndipo breli inaposingiziwa ugumu. Mzazi anayeona anaisoma kwa macho. Chumba kimoja kina nukta sita: ya kwanza hadi ya tatu kushoto, kutoka juu kushuka chini, ya nne hadi ya sita kulia. Herufi za a hadi j hutumia nukta nne za juu tu. Kumi zinazofuata ni zilezile, umeongeza nukta ya tatu. Ukijua c, umeijua m. Zinazobaki huongeza na ya sita. W peke yake imekaa kando, kwa kuwa Louis Braille alikuwa Mfaransa, na alipochapisha mfumo wake mwaka 1829 lugha yake haikuwa na haja nayo. Sisi wa “watu”, “watoto” na “wewe” tunaikuta kila mstari, basi ikaririwe siku ya kwanza. Jedwali zima linaenea kwenye karatasi moja.

Karatasi hiyo ingewekwa katika begi la kila mtoto asiyeona anayeandikishwa, pamoja na kibao cha kuandikia na kalamu ya kutobolea, vitu vya bei ndogo sana ukilinganisha na Perkins. Simu zinunuliwe pia, sina ugomvi nazo. Kwa kibao unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, maana unatoboa kwa nyuma, kisha unageuza karatasi. Mzazi atakosea mara mbili tatu. “Baba” ni nukta sita kwa jumla, “mama” ni nane. Mtoto afungue begi lake bwenini, apapase nane hizo, ajue ni nani aliyemwandikia.