Wanafunzi wa Saikolojia Wanaswe Kwanza, Nadharia Ifuate

Mwalimu wa saikolojia katika madarasa ya juu ya sekondari ana bahati ambayo mwenzake wa kemia hana, kwa kuwa anachokifundisha kimeketi mbele yake kwenye madawati, kikiwa na kumbukumbu zake, mazoea yake na wepesi wake wa kujidanganya, wala hakihitaji maabara. Ajabu ni kwamba somo hili bado hufundishwa mara nyingi kama orodha ya majina na miaka. Mwanafunzi anakariri kwamba Hermann Ebbinghaus alichapisha utafiti wake kuhusu kumbukumbu mwaka 1885, lakini hapewi nafasi ya kufanya alichokifanya Ebbinghaus kwa nafsi yake, yaani kujifunza silabi zisizo na maana, kusubiri, kisha kupima ni kiasi gani kimepotea. Kazi hiyo inataka karatasi, saa na uvumilivu wa siku chache tu.

Kwa maoni yangu, mpangilio wa kipindi ndio unaoamua kama zoezi litafundisha au litachekesha tu. Walimu wengi hueleza nadharia kwanza, halafu huleta zoezi kama kielelezo. Kufikia hapo mwanafunzi ameshajua anachotarajiwa kuonyesha, na kwa adabu anakionyesha. Zoezi likitangulia, mwanafunzi hunaswa kweli, na maelezo yanapokuja huwa ni jibu la swali ambalo tayari linamkera.

Chukua zoezi la kumbukumbu bandia. Mwalimu anasoma kwa sauti, polepole, maneno haya: kitanda, mto, shuka, godoro, ndoto, usiku, uchovu, miayo, kusinzia, kukoroma, blanketi, kupumzika. Anawapa wanafunzi dakika mbili za kujumlisha na kutoa namba ili akili zisibaki zikirudiarudia orodha, kisha anauliza ni nani aliyesikia neno “ndoto”. Mikono inanyooshwa. Anauliza kuhusu “kiatu”, na hakuna anayejitokeza. Anauliza kuhusu “usingizi”, na hapo mikono mingi inapanda bila kusita, ilhali neno hilo halikusomwa kabisa. Kwa kawaida atapatikana mmoja atakayebisha hadi aoneshwe karatasi, na ubishi huo una thamani kuliko nusu saa ya mhadhara, kwa sababu darasa zima limeshuhudia kwamba mtu anaweza kuwa na uhakika kamili juu ya jambo ambalo halikutokea. Hapo ndipo inafaa kueleza kwamba James Deese alilionyesha jambo hili mwaka 1959, na kwamba Henry Roediger na Kathleen McDermott walilifufua mwaka 1995. Kutoka hapo ni hatua fupi kufikia mashahidi wa mahakamani na utafiti wa Elizabeth Loftus na John Palmer wa mwaka 1974, ambao ulionyesha kwamba kitenzi kilichotumika katika swali kuhusu ajali ya magari kilibadilisha mwendo ambao watazamaji walikadiria.

Hata hivyo, zoezi likiishia kwenye mshangao limeishia njiani. Sehemu iliyo nono ni ile inayofuata, darasa linapoulizwa ni nini hasa kilichosababisha kosa. Je, ni kwa sababu maneno yote yalihusiana? Basi darasa jingine lisomewe maneno hayohayo yakiwa yamechanganywa na mengine yasiyohusiana nayo, idadi ya waliokosea iandikwe ubaoni kwa asilimia, na makundi mawili yalinganishwe. Mwanafunzi aliyebuni kulinganisha huko mwenyewe hatahitaji kukaririshwa maana ya kundi linganishi, na atakuwa wa kwanza kusema kwamba darasa moja ni sampuli ndogo mno.

Yapo mazoezi mengine mepesi ambayo hayahitaji maneno mengi. Kutaja rangi ya wino wakati neno lenyewe linataja rangi nyingine, kama alivyofanya John Ridley Stroop mwaka 1935, hutoa tofauti za sekunde ambazo hata mwanafunzi mvivu wa hesabu atazichora kwenye grafu. Rula inayoangushwa katikati ya vidole nayo hupima kasi ya kuitikia: ikidakwa baada ya kushuka sentimita 20, muda uliopita ni takriban sekunde 0.2.

Jaribio la Bertram Forer la mwaka 1948 linahitaji tahadhari zaidi. Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya haiba yaliyodaiwa kumhusu kila mmoja peke yake, nao wakayapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi, kumbe wote walipewa maandishi yaleyale. Ni somo zuri la kuwatilia shaka watabiri wa nyota na yale majaribio ya haiba yanayosambaa kwenye simu. Lakini linamtaka mwalimu aseme uongo, na mimi ningelitumia tu katika darasa linalomwamini, tena uongo huo ufichuliwe kabla ya kengele kulia.

Zoezi ninalolipinga waziwazi ni kuigiza gereza la Philip Zimbardo la mwaka 1971, yaani gereza la kuigiza ambamo vijana waliojitolea waligawanywa kuwa walinzi na wafungwa. Utafiti wenyewe ulipangwa kwa wiki mbili ukasitishwa baada ya siku sita, na umelaumiwa kwamba walinzi walielekezwa namna ya kutenda. Kulirudia kwa dakika 40 hakupimi chochote, kwa kuwa wanafunzi huigiza walichokisoma, na kwa kawaida anayefanywa mfungwa ni yuleyule anayeonewa wakati wa mapumziko. Vivyo hivyo kuigiza dalili za magonjwa ya akili, wakati darasani huenda ameketi anayeyafahamu kutoka nyumbani kwake.

Utii unaweza kufundishwa bila kumuumiza yeyote. Eleza jaribio la Stanley Milgram, ambamo washiriki waliamriwa kumpiga mtu mwingine shoti za umeme zilizozidi kupanda (kumbe zilikuwa bandia), bila kutaja matokeo, kisha kila mwanafunzi aandike kwa siri ni watu wangapi kati ya 40 wangefika volti 450, na kama yeye mwenyewe angefika. Kusanya karatasi na ukokotoe wastani mbele yao. Ndipo utaje idadi halisi, 26, na uwaache wakabiliane na pengo lililopo baina ya hiyo na waliyoikadiria. Waulize pia ingekuwaje kama mtoa amri angeondoka chumbani na kuelekeza kwa simu. Milgram alilijaribu hilo, na utii ukashuka sana.

Kwa upande wa tathmini, ripoti ya ukurasa mmoja inanitosha, na alama nyingi ningeziweka kwenye sehemu ya kasoro. Siku matokeo yatakapokataa kufuata kitabu, namba zisifutwe ubaoni. Darasa litafute sababu, iwe ni kelele, mpangilio wa maneno au kasi ya msomaji. Sababu mojawapo ya kawaida ni kwamba mkondo uliotangulia umeshawasimulia wenzao mtego wote, kwa hiyo mwalimu aandae orodha tofauti ya maneno kwa kila mkondo.