Huruma ya Nyerere kwa Biafra ilimgharimu nani?

Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra, eneo la mashariki mwa Nigeria lililokuwa limejitangazia uhuru mwaka 1967. Lagos, mji mkuu wa Nigeria wakati huo, ilighadhibika, na ilikuwa na sababu. Miaka minne kabla, wanajeshi wa Tanganyika walipoasi, kikosi kutoka Nigeria ndicho kilichokuja kuchukua nafasi ya Waingereza huku jeshi jipya likiundwa. Mwaka huohuo wa 1964, mjini Cairo, ni Nyerere aliyesimama kidete kupigania azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika la kuheshimu mipaka tuliyoachiwa na wakoloni. Leo anaunga mkono jimbo lililojitenga? Wakosoaji wake walikuwa na jibu jepesi: jazba.

Jibu hilo halinitoshi. Picha za watoto wa Biafra wenye kwashakoo, zile zilizowaliza watu wa Ulaya, zilisambaa katikati ya mwaka 1968, Dar es Salaam ikiwa imeshaamua. Kilichomgusa Mwalimu ni mambo ya 1966: Waigbo, watu wenye asili ya mashariki, kuuawa kwa maelfu kaskazini mwa Nigeria, na zaidi ya milioni moja kukimbilia mashariki na walichoweza kubeba. Kutokana na uchungu huo akajenga hoja. Dola ipo ili kuwalinda watu. Ikishindwa, na watu hao wakaamini kwamba ndani yake hawana usalama, haina haki ya kuwarudisha kwa mabomu. Aliwafananisha na Wayahudi wa Ujerumani. Kisha akaigeuza hoja hiyo kwake mwenyewe, jambo ambalo wanasiasa hawalifanyi mara nyingi: Wazanzibari wengi wakiamua, bila kushinikizwa kutoka nje, kwamba Muungano unawaangamiza, yeye hawezi kuunga mkono kuwapiga mabomu ili wabaki. Muungano wenyewe ndio kwanza ulikuwa unatimiza miaka minne.

Upande wa pili nao una uzito, na sipendi tunavyoupita haraka kwa sababu tu ya heshima kwa Mwalimu. Barani Afrika ni Gabon, Ivory Coast na Zambia pekee zilizofuata, zote kufikia Mei. Vita viliendelea hadi Januari 1970, karibu miezi 21 tangu Tanzania itoe tamko lake. Makadirio ya waliokufa yanatofautiana mno, lakini hata yale ya chini yanahesabiwa kwa malaki, na wengi wao waliuawa na njaa. Inawezekana kabisa kwamba kutambuliwa kulimpa Ojukwu, kiongozi wa Biafra, sababu ya kutosalimu amri mapema. Washirika wengine wa Biafra nao hawakuwa wa kujivunia. Ndege za makanisa zilizotua usiku na chakula Uli, kiwanja cha ndege cha Biafra, ziliruka kutoka São Tomé, koloni la Ureno, ilhali FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilikuwa inapigana na Ureno hiyohiyo makao yake yakiwa Dar.

Halafu kuna jambo gumu zaidi. Biafra iliposalimu amri, maangamizi yaliyohofiwa hayakutokea. Gowon, mkuu wa serikali ya kijeshi ya Nigeria, alitangaza kwamba hakuna mshindi wala mshindwa. Hofu iliyoizaa huruma ya Tanzania ilikuwa na msingi kwa yaliyopita, lakini kwa yaliyokuja haikutimia.

Je, basi wenye vichwa baridi ndio waliokuwa sahihi? Uingereza iliiuzia Lagos silaha, mafuta yakiwa sehemu ya hesabu zake. Moscow nayo ilileta ndege za kivita. Hawa hawakusukumwa na jazba yoyote, na mabomu yao yaliangukia masoko.

Kwa hiyo sioni kosa la Nyerere katika kuumia, wala katika kusema. Swali langu kwake ni la baada ya tamko. Ojukwu aliikataa njia ya chakula ya nchi kavu kupitia eneo la serikali, akihofia sumu na kuingiliwa. Lagos nayo ikang'ang'ania kukagua kila mzigo. Katikati ya mvutano huo watoto wakawa wanakufa. London haikuwa na sauti kwa Ojukwu. Nchi nne za Afrika zilizomtambua zilikuwa nayo, na wa kwanza kudaiwa matumizi ya sauti hiyo alikuwa yule aliyeongoza njia.