Pawabenki kwenye begi la chini

Desemba hii mifuko imekauka, basi kila mtu kanunua tiketi ya bei ya chini kabisa, isiyo na mzigo wa chini, ule wa tumboni mwa ndege. Halafu anafika uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, na begi la mkononi limejaa mabuyu, achari na zawadi za ukoo mzima. Likipimwa limepita kilo 7 za tiketi yake, linaamriwa liende chini. Na pawabenki imo humo humo!

Jamani. Betri ya lithiamu iliyo ndani yake ikibanwa au ikipiga shoti hujichemsha yenyewe mpaka inawaka. Juu kwa abiria, wahudumu wataimwagia maji ipoe. Chini hakuna mkono unaofika, na gesi ya kuzimia moto huua ndimi tu, haiipoozi betri. Itoe kabla begi halijachukuliwa, ziba matundu yake kwa selotepu, kaa nayo.

Hesabu ya ukubwa wake kwa wati-saa: chukua mAh (kiasi cha chaji kilichoandikwa juu yake) mara 3.7, gawa kwa 1000. Ya 20,000 ni wati-saa 74, inapita. Kati ya 100 na 160 yataka kibali cha shirika la ndege. Hizo za bei ya kutupa zisizoandikwa chochote, usishangae wakaguzi wakizichukua. Iliyovimba, usipande nayo kabisa.