Lengo: kuzalisha wajawazito 20

Juzi saa nne usiku nilimkuta dada yangu amepanda kiti kando ya dirisha, simu kaiinua juu anatafuta mtandao. Ni muuguzi wa zahanati. Katoka zamu, hajala, na mwisho wa kujaza PEPMIS, ule mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, ni usiku huo.

Nikachungulia. Lengo la mwezi: kuzalisha wajawazito 20. Waliokuja: 13. Asilimia 65. Sasa afanyeje jamani, apite mitaani akiwabembeleza wanawake wabebe mimba?

Najua mtaniambia OPRAS, ile tathmini ya fomu iliyotangulia PEPMIS, ilikuwa mbaya zaidi. Haya, nakubali, shingo upande. Ilikuja 2004 kufuta zile fomu za siri, bosi anakuandika anavyotaka na wewe huoni. Tukaigeuza zoezi la Juni: mwaka mzima unajazwa kwa nusu saa, mwingine ananakili ya mwenzake mpaka na jina. Mashine za vidole nazo zinajua umefika, basi.

Lakini msimamizi wa dada yangu kwenye mfumo anakaa halmashauri, na chumba kile cha kuzalishia hajawahi kutia mguu. Kazi za mwezi mzima anaziidhinisha kabla chai haijapoa. Na huyo ndiye anayemsimamia!

Mama yetu naye alikuwa nesi. Mpaka leo anamsimulia matroni wao: anaingia wodini bila hodi, anapitisha kidole kwenye chuma cha kitanda, anafungua kabati, anakugeukia, "Huyu presha umempima saa ngapi?" Walimwogopa kama simba. Ila glavu zikiisha alijua kabla hujafungua mdomo, maana kabati kalifungua mwenyewe. Dada yangu glavu zikimwishia, anajaza wapi?

Novemba 2015 Magufuli alitoka kwa miguu hadi Wizara ya Fedha, akakuta viti vitupu. Mambo mengi ya enzi ile siyatetei, na rais kuhesabu viti si kazi yake. Lakini alikwenda. Bosi wa halmashauri ana gari, ana dereva, na zahanati haiko ng'ambo ya bahari.

Wakati naandika haya dada kanitumia ujumbe. Kazi yake moja imerudishwa, ile ya kuzalisha: "Ushahidi haujaambatishwa."

Ananiuliza aambatishe nini, mtoto?