Mzee, Nikupokee Mzigo

Simu imelia sasa hivi, nikajua ni fundi wa friji, kumbe ni wao. Kundi la wasap la wale watu wa mlima bado linapumua. Kwetu kamati ya harusi ikishakula pilau kundi linakufa siku hiyo hiyo, na mwenye deni la mchango ndiye anayetoka wa kwanza. Hili lao halifi. Wameandika kwamba wanakuja Februari, wote, tiketi wameshakata, wanapanda Kilimanjaro. Na kiongozi wa msafara ni mimi. "Si mlima wako huo," wameandika, na emoji za kucheka mstari mzima.

Mlima wangu! Mimi mtu wa Mbagala, Dar es Salaam. Kutoka Mbagala hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500 za basi, na hizo unazipiga ukiwa umepakatishwa mtoto wa abiria wa pembeni. Kilimanjaro nimeuona, sikatai. Nimeuona kwenye kalenda, nimeuona kwenye chupa ya maji, na nimeuona dirishani mwa basi, ambapo kila nikipita umejifunika. Kondakta anatuambia "ule pale", tunatazama wingu, tunaitikia.

Wamenipatia wapi? Nilikuwa Glasgow, Uskoti, kwa kozi ya ofisi, mwisho wa wiki nikapanda treni kwenda Fort William kwa sababu niliambiwa njia ile inapendeza macho. Macho tu, si miguu. Kwa muda wa karibu saa nne nimekaa kitini, milima inapita nje ya kioo, mimi na yenyewe tunaheshimiana. Ningerudi na treni ya jioni, leo nisingekuwa na kesi na mtu. Lakini nililala hosteli, na hosteli za kule zina jiko la pamoja, na jiko la pamoja lina swali moja.

"Unatoka wapi?"

"Tanzania," nikasema, nikaendelea kukoroga tambi zangu.

Mjerumani akaweka uma chini. "Kilimanjaro!" Dada wa Kiholanzi akageuka na kiti chake. "Kilimanjaro!" Kijana wa Kihispania aliyekuwa anaosha vyombo akafunga bomba ili asikie vizuri. Ukitoka Tanzania huulizwi kama una wazazi.

Nilitabasamu. Hilo tu. Sikusema nimepanda, sikusema sijapanda. Nilitabasamu kwa niaba ya taifa, na fomu iliyobaki wakaijaza wenyewe. Alfajiri ya kesho yake nilikuwa kwenye safari ya Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, na cheo changu kilikuwa mtaalamu.

Nikauliza urefu. Mita 1,345. Nikacheka kwa sauti. Jamani, Njombe stendi watu wanatafuna mahindi ya kuchoma juu ya hapo kwa mamia ya mita. Mbeya mtu anapanga foleni ya benki akiwa juu kuliko kilele cha ufalme mzima. Nairobi matatu zinagombea abiria huko huko mawinguni. Nikawaambia, wakazidi kuniheshimu.

Ambacho hakuna aliyekitamka ni kwamba Njombe unafika kwa basi. Mlima wao unaanzia baharini. Fort William iko kando ya maji ya chumvi, kwa hiyo zile mita 1,345 hazina punguzo. Unazilipa zote, taslimu, kwa goti.

Miguuni nilikuwa na raba zangu za soko la Karume, mtumba daraja la kwanza. Zilitoka huko huko Ulaya kwenye belo, zikavuka bahari, zikapigwa jiki, nikazinunua, nikazirudisha kwao. Zilipokanyaga jiwe la kwanza la Uskoti zikakumbuka kwa nini zilitupwa.

Njia yenyewe ilitengenezwa mwaka 1883, ipitike na farasi waliopeleka mahitaji kwenye kituo cha hali ya hewa kileleni. Kituo kilifungwa 1904, farasi wakaondoka, njia ikabaki. Wangeacha farasi wakaondoa njia, mbona tungeelewana! Halafu Mjerumani, ambaye hapiti kibao bila kukisoma, akaniambia kwamba mwaka 1911 kijana mmoja wa Edinburgh alipandisha gari aina ya Ford mpaka kileleni, na sanamu ya shaba ya gari hilo iko pale mjini. Nikasimama. Nilikuwa natafuta sababu ya kusimama. Gari limefika huku 1911? Na mpaka leo hakuna kijiwe cha bodaboda? Kwetu gari likipita mahali leo, kesho kuna kituo, keshokutwa kuna mama ntilie, mtondo kuna wakala wa pesa za simu.

Mjerumani huyo huyo akaanza kunihadithia habari za Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kilimanjaro 1889 na mwenzake Ludwig Purtscheller. Ananihadithia mimi mlima wangu. Nikamuuliza mizigo walibeba nani. Akasema, kulikuwa na wenyeji. Nikasema, ahaa. Hiyo "ahaa" ndiyo ilikuwa pumzi yangu ya mwisho ya mazungumzo.

Dada wa Kiholanzi ndiye aliyenimaliza. Kwao Uholanzi ni tambarare, sehemu ya juu kabisa bara ni kilima cha mita 322, lakini alikuwa anapanda huku anapiga mluzi. Kumbe Kilimanjaro ameupanda, kwa njia ya Machame. "Wewe ulitumia njia ipi?" Nikakohoa. "Marangu?" Nikakohoa tena. Akahesabu vikohozi kuwa ndiyo. Akanitangulia, akageuka huko juu, akanipungia mkono: "Pole pole!" Ananifundisha polepole, kwa Kiswahili, mimi ambaye polepole nilishaipita zamani nikawa naelekea simama.

Wakapotelea kwenye kona. Nikatafuta jiwe la kukaa, nikalipata zuri, bapa. Ndipo akatokea mzee.

Nyusi nyeupe, fimbo, kaptula katika baridi ile, kijibwa kifupi mbele, begi kubwa mgongoni. Sasa hapa mnielewe, maana mmelelewa nilikolelewa. Mtu mzima amesimama, wewe umekaa? Nikainuka kabla jiwe halijapata joto. "Shikamoo mzee," ikanitoka yenyewe. "Aye," akasema, ndiyo ya kwao. Kwa uzito ule nikaihesabu marahaba.

Na ukishamwamkia mtu mzima mwenye begi, kinachofuata kinajulikana. Hukusomea, mama alikufinya sikio ukiwa hujaota meno ya pili. Nikasema, "Mzee, nikupokee mzigo."

Utaratibu upo. Wewe unasema nikupokee. Yeye anasema, aa, mwanangu, ahsante, huu mwepesi tu. Wewe unasema, hapana mzee, lete. Yeye anasema, we acha, tumeshafika. Unaacha, yeye anakuombea dua, kila mtu anabaki na mzigo wake. Raundi mbili. Hata kipofu anajua ni raundi mbili. Yule mzee hakusubiri ya kwanza iishe. Akavua begi, akanivika.

Akanivika! Akanikaza mkanda wa kifua, akanikaza mkanda wa kiuno, akarudi nyuma hatua mbili kutazama nilivyokaa, akarudi akakaza zaidi.

Vilivyokuwemo nilikuja kuviona baadaye. Chupa mbili za chai, zimejaa. Kamba. Blanketi la mbwa, limelowa. Maji ya mbwa. Bakuli la mbwa, la chuma, ndilo lililokuwa linanigonga uti wa mgongo kila hatua. Mimi, mwenye stashahada ya ugavi, nimetumwa na ofisi kuja kujifunza mifumo ya kisasa, nambebea mbwa vyombo.

Mzee alipokuwa mwepesi akawa mtu mwingine. Fimbo akaikunja akaitia mfukoni. Akaanza stori. Akaniambia mwaka 2006 watu waliokuwa wanasafisha kilele walifukua piano chini ya lundo la mawe. Piano! Ina maana kuna binadamu aliibeba mpaka kule. Akanitazama begani, akanitazama usoni, ujumbe nikaupata. Akauliza natoka wapi. Mnajua nilichojibu, na mnajua alichosema.

Tatizo likawa kukaa. Kila nikitaka kukaa yeye amesimama, na mimi siwezi. Kwa nini hakai? Kwa sababu mbeba begi lake amesimama, na yeye ana adabu zake! Tukasimama tukitazamana, kila mmoja anamsubiri mwenzake apumzike, halafu yeye anasema "sawa, twende", tunakwenda. Kona ya pili, hivyo hivyo. Kona ya tatu, hivyo hivyo. Mwisho akanishika bega, akaniambia ana miaka sabini na tisa na hajawahi kuona kijana asiyependa kupumzika namna ile, bila shaka ni mapafu ya Kilimanjaro.

Aliyekuwa anakaa ni kijibwa. Kila kona kinawahi, kinakaa chini, kinanitazama ninavyokuja. Nikifika kinainuka na kuondoka.

Wanaoshuka nao, kila mmoja: "Karibu mnafika!" Saa nzima tunakaribia kufika. Kondakta wa Mbagala akikuambia "tunaondoka sasa hivi" ana soni kidogo machoni, hawa hawana.

Mvua? Mlima ule unapata zaidi ya milimita 4,000 kwa mwaka, na siku hiyo walikuwa wanafunga hesabu.

Kileleni kuna ukungu. Nimemaliza kuelezea kilele. Kuna magofu ya kile kituo, kuna kibanda cha kujiokolea, kuna malundo ya mawe. Zamani palikuwa hata na hoteli ndogo; leo hakuna mtu wa kahawa, hakuna mtu wa karanga, hakuna hata dogo wa maji ya kandoro. Mzee akaniambia kuna mwanasayansi, Charles Wilson, aliyekuwa pale Septemba 1894 akitazama mawingu, yakampa wazo la chombo kilichomletea Tuzo ya Nobel mwaka 1927. Mimi niliyatazama mawingu hayo hayo, yakanipa mafua.

Wenzangu wakaniona natoka kwenye ukungu na begi limenipita kichwa, mzee pembeni yangu mikono mitupu. Wakapiga makofi. "Mmeona?" akasema yule dada. "Yaani kwake huu mlima ni mwepesi, ameamua kuongeza uzito." Akapiga picha. Ndiyo picha ya lile kundi mpaka leo, nimetoa ulimi.

Nilitaka kuchukia kistaarabu, nikashindwa. Maana wao wakija kwetu, wengi wanalipa dola 50 pale pale uwanjani, wanagongewa muhuri, karibuni sana. Mimi kuja kuutazama ukungu wao nimetoa taarifa za benki, barua ya mwajiri, alama za vidole vyote kumi, na maelezo ya kuwahakikishia kwamba nitarudi. Nibaki nifanye nini? Nipande tena? Na huko Kilimanjaro wanakojisifia, hawabebi kitu. Wanaobeba ni wagumu, yaani wapagazi, hadi kilo 20, mahema, meza, majiko, na choo. Mtu mzima anapandishiwa choo chake mlimani. Wagumu wanawahi mbele, wanasimamisha kambi, wanachemsha chai, kisha wanatoka kuwaimbia na kuwapigia makofi wageni waliokuja na chupa ya maji. Mtu akitembea Mbagala mpaka Posta kwa kukosa nauli, na jua la saa saba, nani anampigia makofi? Nani amempa cheti? Tena anafika ofisini anaulizwa kwa nini amechelewa.

Kushuka sikuhadithii, magoti yangu hayajatoa ruhusa.

Chini mzee alipokea begi lake, akanishukuru sana, akanipa pipi ya mnanaa. Moja. Kijibwa kikapewa soseji.

Hosteli nilichotaka ni maji ya vuguvugu na chumvi nikande miguu. Nenda kwenye sinki sasa. Bomba mbili! Moja la kulia, moja la kushoto, haziongei. Hii inaunguza, hii inagandisha, vuguvugu utajitengenezea mwenyewe hewani kwa kuhamisha mikono haraka. Watu waliofikisha Ford kileleni 1911 wameshindwa kukutanisha bomba mbili zilizoachana shubiri moja.

Nikashuka mapokezi kuuliza ndoo. Dada wa mapokezi hakuelewa ndoo ya nini. Nikaonyesha miguu. Akaitazama miguu, akatazama raba, akatazama sakafu nilikopita, akasema ahaa, nimekuelewa, ahsante sana kwa moyo huo. Akaingia chumba cha nyuma akarudi na ndoo ya kudekia, dawa imeshatiwa, dekio ndani. Na dekio lenyewe mpini umekatika nusu, yaani udeki umeinama. Kwa kiuno kipi?