Kuhama kivinjari hakutoshi

Mwandishi, nimekusoma hadi mwisho. Unasema tukihama kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, tutasalimika na matapeli. Hapo sikubaliani nawe. Chrome, Edge, Opera na Brave zote zimejengwa juu ya msingi mmoja, Chromium. Anayetoka hii kwenda nyengine kabadilisha kanzu tu. (Firefox ina msingi wake.) Na kile kikufuli cha juu, kando ya anwani ya tovuti, kinasema mawasiliano yamefichwa njiani, hakisemi kama mwenye tovuti ni mtu mwema. Google wenyewe walikibadilisha kwenye Chrome mwaka 2023, kwa kuwa watu walikuwa wakikifahamu vibaya.

Huku kwetu, kaa baraza yoyote ya Mji Mkongwe utamsikia mtu anaogopa kuki, vile vijifaili ambavyo tovuti huviweka kwenye kivinjari ili zikukumbuke, kuliko jini, halafu namba yake ya siri anamtajia kijana wa miamala kwa sauti, foleni nzima inasikia! Ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" haupiti kwenye kivinjari chochote, na ndio unaoliza watu, Darajani mpaka Chake. Sasisheni simu zenu, basi, lakini na namba ya siri msimtajie mtu. Na nyinyi vijana wa skuli mnaojificha kwenye dirisha la faragha, lile la kivinjari lisilohifadhi historia, kampuni ya intaneti bado inaziona tovuti mnazoingia.