Historia ya matatu: kitabuni au kwenye bodi ya gari?

Jina matatu, magari yetu ya abiria, lilitokana na nauli: sarafu tatu za senti kumi. Leo huwezi kumpa makanga, yaani kondakta, senti 30 hata kwa utani. Safari ya tangu nauli hiyo hadi nganya za sasa, zile matatu zilizopambwa, mwanahistoria Mkenya Kenda Mutongi aliifuata katika kitabu kilichotolewa na Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 2017. Hapa Nairobi wapo wanaouliza: mambo ya stejini, pale matatu zinapopakia abiria, yanatafuta nini maktabani?

Swali lao si la kupuuzwa. Kitabu chenyewe ni cha Kiingereza, kimechapwa ng'ambo. Makanga wa Rongai, pembezoni mwa Nairobi, anayejua gari gani lilipakwa rangi na fundi yupi hatarajii kukikuta kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, pale unapoinama kuchagua. Tena lugha ya matatu haimsubiri mwandishi. Miaka ya tisini nganya tuliziita manyanga. Leo sema hivyo stejini uone watakavyokukadiria umri.

Hata hivyo, nikikumbuka Februari 2004 naegemea upande wa wino. Kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki zilileta mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na ule mstari wa manjano ubavuni mwa gari. Watu walikuwa wakifa barabarani, kwa hiyo sibishani na mikanda. Lakini michoro ya kwenye matatu nayo ilienda: nyuso za wanamuziki, majigambo ya mitaa, methali zilizopindwa makusudi, yote chini ya rangi mpya. Simu za kamera zilikuwa za wachache. Rais Uhuru Kenyatta alipokuja kuruhusu michoro irudi, kilichorudi kilikuwa kingine.

Na kuna mambo ambayo bodi haiwezi kukueleza hata ikipambwa vipi. Mwaka 1973 Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu. Bila tamko hilo huelewi jinsi biashara ya kukwepa askari ilivyogeuka uti wa mgongo wa usafiri jijini.

Kinachonikera ni kwamba tumelazimishwa kuchagua kati ya kitabu na bodi. Jarida la fasihi la Kwani? lililoanza 2003 lilishaonyesha kwamba Sheng, lugha yetu ya mtaani, inaweza kukaa kwenye karatasi nzuri. Ningependa kitabu cha picha, mafundi na makanga wakisimulia wenyewe kwa Sheng yao, kiuzwe stejini Railways kwa bei isiyozidi nauli ya kwenda Rongai na kurudi. Nauli ya jioni, mvua ikinyesha, ile inayopanda.